Chumvi ambayo sikuiandika kwenye faili

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka kwa intani mmoja wa hapa Dar: "Dokta, kisa changu kimekataliwa na majarida mawili. Niendelee au niachane nacho?" Kisa ni ripoti ya mgonjwa mmoja tunayoiandikia jarida la kitabibu. Nilikuwa ndani ya mwendokasi natoka Kimara, nikausoma ujumbe mara tatu. Siku nne kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimepokea barua ya kukubaliwa kisa changu, baada ya miaka miwili na kukataliwa mara tatu. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasimulia yote.

Mgonjwa wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wa pale Feri, mtu wa makamo. (Ameridhia kwa maandishi nimwandike, na mambo kadhaa ya kumtambulisha nimeyabadili.) Alifika wodini hana nguvu, presha iko chini, anatapika, mkanda ameutoboa matundu mapya. Miezi minane alikuwa amezunguka zahanati na maduka ya dawa: ametibiwa taifodi mara tatu, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara mbili, na malaria ambayo kipimo hakikuiona. Wakazi wa Dar mnaijua safari hiyo. Alikuwa anakohoa, tukapima makohozi, mashine ya GeneXpert ikaonyesha kifua kikuu, tukamwanzishia dawa. Nikajiona nimemaliza kazi. Siku chache baadaye akaanguka akielekea chooni, presha haishikiki, sukari imeshuka.

Daktari bingwa aliyekuwa zamu usiku ule alimfungua kinywa, akamulika tochi, kisha akamkunjua viganja. Alikuwa anatafuta weusi usio wa kawaida. Fizi pekee zisingetosha, maana wengi wetu tuna fizi nyeusi tangu utotoni. Lakini mikunjo ya viganja ilikuwa imekolea kama imepitishwa kalamu, na makovu mapya ya visu vya samaki yalikuwa meusi ti. Ndugu zake walikuwa wametuambia kwamba amekuwa mweusi, nasi tukawajibu ni jua la Feri. Sodiamu ilikuwa chini, potasiamu juu. Kifua kikuu kilikuwa kimezila tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu tuliyompa, hulifanya ini liivunje upesi hata ile kidogo iliyobaki. Alidungwa haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, miligramu 100 na kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi. Asubuhi aliomba uji.

Sasa ungamo langu. Siku ya kwanza, nikiwa nachukua historia yake, alinitamkia hivi: "Dokta, siku hizi nalamba chumvi kama mbuzi." Mkewe akaongeza kwamba hata maji ya kunywa anayakoroga chumvi. Sikuandika. Wodi ilikuwa imefurika, mafaili yamejaa mezani, nikayachukulia kuwa maneno ya kupitisha muda. Mwili unaopoteza chumvi kwenye mkojo huitafuta kwa mdomo; hilo nililijibia mtihani nikiwa chuoni. Niliambiwa kwa Kiswahili fasaha, nikaliacha lipite, na mtu akakaribia kufa.

Nilipoandika kisa, jarida la kwanza lilisema si kipya. Kweli, daktari Thomas Addison aliueleza ugonjwa huu wa tezi, ambao leo unaitwa kwa jina lake, London mwaka 1855, kwa wagonjwa 11, baadhi yao tezi zikiwa zimeharibiwa na kifua kikuu. La pili halikutoa sababu. La tatu lilikataa, lakini mhakiki wake aliuliza swali lililonikosesha usingizi: je, mgonjwa alikuwa na hamu ya chumvi? Nilifunua faili ukurasa kwa ukurasa, neno chumvi halimo. Nikamngoja kliniki, nikamwomba anisimulie upya, nikaliandika kama alivyolisema, na nikaeleza wazi kwamba alitwambia mapema na hatukulinukuu. Hicho ndicho kisa kilichokubaliwa na jarida la nne.

Kuna jingine, na bado linaniuma. Mkubwa wangu mmoja aliikalia rasimu yangu miezi kumi na moja, kisha akairudisha jina lake likiwa la kwanza. Alikuwa amebadilisha sentensi mbili. Kulirudisha jina langu mahali pake kulinigharimu uhusiano ambao haujapona mpaka leo. Kwa hiyo mkubaliane majina na mpangilio wake kabla hujaandika mstari wa kwanza, na mkubaliane kwa maandishi.

Andika siku ileile. Andika kwa maneno ya mgonjwa, siku ileile. Ridhaa yake iombe angali anakuja kliniki, usingoje ahame namba ya simu. Mwongozo wa CARE wa mwaka 2013, ule wa kuandika visa, una kipengele cha mgonjwa kueleza mwenyewe yaliyompata. Wengi wetu tunakiacha wazi, nami nilikiacha wazi mara tatu. Na lile jarida linalokuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, lifute.

Msiseme kwetu hakuna cha kuandika. Homa ya chikungunya, inayoumiza viungo, ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, huku kusini kwetu, na ripoti zake zikatoka 1955. Jina ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa sababu ndivyo wagonjwa walivyosema viungo vinavyowafanya. Mtu alisikia neno la mgonjwa, akaliandika, na leo dunia nzima inalitamka. Sisi wenye lugha hiyo masikioni tunaandika "udhaifu wa mwili" na kufunga faili.

Mdogo wangu, barua mbili si nyingi. Zifungue tena, soma wahakiki wameuliza nini, kisha nenda kliniki ukamuulize mgonjwa wako alikwambia nini ambacho hakimo kwenye faili. Ukishakiandika nitumie rasimu. Jumamosi jioni sina zamu, nitaisoma yote.