Matuta ya Kale ya Wiltshire: Anza na Handaki

Ukifika kwenye vilima vya chaki, mwamba mweupe na laini, vya Wiltshire, kusini mwa Uingereza, usikimbilie tuta lililoinuka. Tafuta handaki lililolizunguka. Matuta mengi ya makaburi yamesawazishwa na plau, ila handaki lililochimbwa ndani ya mwamba halifutiki. Hujaa udongo tu. Udongo huo hushika maji, chaki huyapitisha. Ndiyo maana kiangazi kikiwa kikavu, shayiri iliyo juu ya handaki hubaki kijani wakati ya pembeni imeshageuka manjano. Duara la kijani shambani huenda ndilo kaburi lenyewe.

Penye nyasi, tegemea jua la chini. Nenda Desemba au Januari, kuanzia saa nane mchana, kwani saa kumi jua linazama. Tembea jua likiwa ubavuni. Likiwa mgongoni, vivuli hujificha nyuma ya matuta na mlima wote huonekana bapa. Vaa buti: chaki iliyolowa huteleza kama sabuni.

Matuta yaliyorefuka ardhini ndiyo ya zamani zaidi. Lile la West Kennet, lenye urefu wa mita 100 hivi, lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, na vyumba vyake vitano vya mawe unaweza kuviingia, beba tochi. Ya mviringo mengi ni ya kati ya 2200 na 1500 KK. Kuyatofautisha, angalia tuta linapoishia. Likishuka moja kwa moja hadi handakini, ni la bakuli. Pakiwa na ukanda tambarare kabla ya handaki, ni la kengele. La sahani ni kijituta katikati ya uwanja mpana, kisha handaki, kisha ukingo wa nje.

Wengi hukosea kwenye tundu la kileleni. Mara nyingi hiyo ni kazi ya wachimbaji wa karne ya 18 na 19, waliotoboa tuta kutoka juu kufuata kaburi. Lipo pia kaburi lenye umbo la bwawa, lakini sakafu yake iko chini ya ardhi inayolizunguka; tundu la mchimbaji hubaki juu ya usawa huo.

Mteremko mpole wa handaki nao hudanganya. Mwaka 1960, pale Overton Down, wataalamu walichimba handaki jipya na kujenga ukingo ili waone vinavyochakaa: baridi kali ilibomoa kuta za chaki ndani ya miaka michache, kisha nyasi zikatuliza kasi. Handaki la Avebury, linalozunguka duara la kale la mawe, lilikuwa na kina cha mita 9 hivi, kuta wima, limechimbwa kwa pembe za kulungu. Leo karibu nusu yake imejaa.

Silbury, kilima cha kale kilichojengwa na watu, mita 30 kwenda juu, itazame kutoka chini. Kuipanda ni marufuku: mwaka 2000 shimo lililochimbwa 1776 lilifunguka kileleni, na mapango ya ndani yakajazwa chaki mwaka 2007 na 2008. Kaburi lililotafutwa humo halikuonekana. Kifaa cha kutafutia vyuma nacho kiache nyumbani. Kukitumia bila kibali kwenye eneo lililolindwa ni kosa kwa sheria ya Uingereza ya mambo ya kale ya 1979.