Gunia la kilo 98 lililosomeka kilo 8

Juzi kijana mmoja wa Singida kaniandikia: "Kaka, programu yangu inasoma mzani vizuri nikiwa nyumbani, nikifika kwa mteja inaleta namba za ajabu. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanuna. Nilikumbuka Kibaigwa, kule soko la mahindi Dodoma.

Niliandika programu ya terminali (ya maandishi tu) ya kupokea uzito kutoka kwenye mzani kwa kebo ya siriali, inayotuma data biti moja baada ya nyingine. Usiku kucha, chumbani kwangu Nkuhungu, niliijaribu kwa kuunganisha pini ya 2 na ya 3 za kebo, ya kupokea na ya kutuma: nilichoandika ndicho kilichorudi. Nikajiona fundi. Asubuhi nikapanda basi.

Mnunuzi wa mahindi akaamuru gunia lipandishwe. Mzani ukasema 98.5, skrini yangu ikasema 8.5. Wapagazi wakaangua kicheko, mmoja akasema leo mkulima analia. Mteja hakucheka. Alinirudishia laptopu yangu, wiki iliyofuata akaleta mtu kutoka Dar. Mpaka leo basi likipita pale naangalia upande wa pili.

Kosa langu? Nilidhani kila nikisoma poti (tundu la kebo kwenye kompyuta) napata mstari mzima. Poti haijui mstari, inakupa baiti (hapa, herufi moja moja) zilizokwishafika tu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na biti 10 kwa kila herufi ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, ni herufi 960 kwa sekunde. Programu inawahi kuliko waya. Ukisoma mapema unapata "9", ukirudi unapata "8.5". Nyumbani nilikuwa nabonyeza herufi moja moja, ningeliona wapi?

Basi mdogo wangu, kusanya baiti kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuzisubirishia, usiguse chochote mpaka mwisho wa mstari ufike. Mizani mingi humalizia mstari kwa baiti namba 13 na 10. Mwongozo wa mzani usome kwanza. Kama mzani unatuma biti 7 na pariti shufwa (biti ya ziada ya kukagua makosa), nawe kwenye programu umeweka biti 8 bila pariti, tarakimu 9 itaonekana vizuri lakini 8 itageuka takataka, utalaumu kebo bure. Na kwenye Windows adapta ya USB ikikupa poti yenye jina COM10, kwenye programu andika \\.\COM10. Hilo lilinila siku mbili, tusilizungumze.

Vijana mnapenda kunakili kodi za programu na kubandika. Someni! Bafa kwanza. Narudia, bafa. Programu ile ile leo inapima zabibu Mpunguzi, msimu wa pili huu, na hakuna anayecheka.

Wewe wa Singida, nitumie mistari 20 uliyopokea, kwa namba za baiti. Picha ya skrini sitaki.