Mlio ndani ya basi

SWALI: Shikamoo. Basi letu la Tabora–Kigoma lililia pii-pii tulipopita Kaliua, dereva akapunguza mwendo. Ni hitilafu? – Msomaji, Urambo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si hitilafu. Ni kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inakisimamia. Kinapokea mawimbi ya setilaiti, kinajua basi liko wapi na linakimbiaje, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa; dereva akizidisha, kifaa hulia.

Na dizeli? Ukitoka 80 kwenda 100, ukinzani wa upepo hupanda kwa zaidi ya nusu. Mafuta yanateketea, moshi unaongezeka.

Nilimzika binamu yangu kwa ajali ya mwendo kasi. Abiria akipaza sauti, “Dereva, kanyaga!” mimi husimama nikamwambia dereva asimsikilize.