Jibu: OPD (idara ya wagonjwa wa nje) inafurika, manesi wanaomba uhamisho

Hongera kwa kuteuliwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, na pole pia maana kituo cha afya si mchezo. Umesema wagonjwa wa presha na sukari wanarudi wale wale halafu manesi wanataka kuhama, mi naona hilo ni tatizo moja. Mgonjwa anaandikiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, anaondoka hajaambiwa ni ya kila siku, akipata nafuu anaacha, baadae analetwa usiku presha iko juu na nesi yuko peke yake wodini.

Anza na lile benchi la asubuhi. Watu wanakaa pale wanasubiri faili, nesi aongee nao dakika kumi tu, chumvi, dawa, kukagua miguu kwa mwenye sukari, ila mwandike kwenye rosta kwa jina kabisa, ukisema "atakayekuwepo" hataongea mtu. Na mpunguzie kazi nyingine siku hiyo, usimbebeshe tu! Walioruka kliniki wafuatwe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Rosta itoke mapema, zamu za usiku zizunguke kwa wote hata wale wakongwe wenye visingizio. Posho za usiku ziingie kwenye bajeti mnayopeleka kamati ya usimamizi ya kituo, tangu 2017/18 hapa Tanzania hela za mfuko wa pamoja wa afya (unaochangiwa na wafadhili) zinakuja moja kwa moja akaunti ya kituo ila angalia mwongozo unaruhusu nini, zingine zitoke kwenye makusanyo ya kituo chenyewe. Alafu watumishi wenyewe wapimwe presha, wengi hawajui zao.