Usibadili kifaa, Mkuu, soma kwanza omu za koili yako

Mkuu uliyeko Lindi, umeuliza kwa nini koili za vepu yako (sigara ya umeme), yaani ule waya mdogo wenye pamba unaochemsha juisi ya nikotini iwe mvuke, zinaungua kila baada ya siku mbili ilhali kifaa ni kipya, na kama utafute kingine chenye volti nyingi zaidi. Usinunue. Volti zikizidi ndizo zinazounguza koili. Mimi niko hapa Mtwara na nimepita njia hiyohiyo, hela ikanitoka.

Nilivuta sigara miaka 11. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kile cha umbo la kalamu, unazungusha kitako kupandisha volti: chini 3.3, juu 4.8. Kilikuja na koili ya omu 1.8 (omu ni kipimo cha waya unavyoukinza umeme), nami nikakizoea kwenye volti 4. Koili ilipochoka nikaagiza nyingine Dar, mzigo ukaja na basi. Sura ni ileile, nyuzi zinaingia vilevile, nikafunga bila kusoma ubavuni. Nikavuta mara ya kwanza nikisubiri kivuko cha Msangamkuu. Koo liliwaka kama nimevuta moshi wa gunia, nikakohoa mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanipa maji yake ya kunywa.

Jioni nikaichomoa na kuipasua kwa koleo. Pamba pembeni ilikuwa bado nyeupe na imelowa, lakini katikati, pale inapogusana na waya, imekuwa mkaa. Ubavuni imechorwa 0.8, na chini yake wati 12 hadi 16. Hapo ndipo nikaelewa.

Hesabu yenyewe ni ya darasani: volti mara volti, gawa kwa omu, unapata wati. Volti 4 mara 4 ni 16. Gawa kwa 1.8, unapata karibu wati 9, mvuke wa vuguvugu tu. Gawa kwa 0.8, unapata wati 20. Sikugusa kitu chochote kwenye kifaa, lakini moto umepanda zaidi ya mara mbili, na koili mwisho wake ni 16. Kwa koili ile nilitakiwa nikae karibu na 3.3, ambayo inatoa wati 13 na nusu hivi. Ndiyo maana mtu akikwambia "weka volti 3.8, iko poa", muulize kwanza yeye anatumia omu ngapi. Koili ya omu 1.2 kwenye 3.6 inatoa wati 11 na inatulia kabisa. Ya 0.8 hapohapo inatoa 16, ukingoni.

Sasa kuhusu kuchagua. Ushauri wangu ni kinyume na wanavyofanya wengi: chagua koili, halafu ndiyo kifaa. Huku kwetu kifaa utakipata, kinacholetwa kwa kusuasua ni koili zake. Kabla hujalipa, uliza duka lina koili za aina hiyo ngapi na ni za omu ngapi. Kama hawana hata pakiti moja, kirudishe kabatini. Na omu kuwa sawa hakufanyi koili ziingiliane: kila familia ya koili ina kipenyo chake na vimpira vyake. Niliwahi kuuziwa koili "inayoingia kote", ikaingia kweli kwa kusukumwa, na asubuhi juisi yote ilikuwa mfukoni mwa suruali.

Kifaa chenyewe nakitaka kiwe na kioo kinachosoma omu za koili na kuonyesha wati. Kile cha taa za rangi tatu hakikwambii kinachoendelea ndani. Kama kinatumia betri ya kutoa, angalia nailoni iliyoifunika isiwe imechanika, na usiitie mfukoni pamoja na funguo. Hilo nakuomba sana. Betri ikipiga shoti kwenye paja haikupi muda wa kuitoa. Na koili za omu ndogo sana, kama 0.2, waachie wanaojua betri zao: kwenye volti 4.2 inavuta ampea 21, na betri nyingi za bei rahisi haziwezi mzigo huo.

Juisi nayo ina lawama yake. Zile tamu sana, zenye ladha ya keki na peremende, huacha utando mweusi kwenye waya kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Koili inakufa hata volti zikiwa sahihi. Nzito mno nayo haipiti kwenye matundu madogo ya koili za 0.8 au 1.2, pamba inakauka ukiwa unavuta. Kwa koili hizo tumia yenye gliserini, ambayo ni nzito, nusu na propileni glaikoli, ambayo ni nyepesi, nusu. Ile ya nikotini kali, miligramu 20 kwa mililita, usiitie kwenye koili ya mvuke mwingi, itakupa kizunguzungu na kichefuchefu. Chupa iweke juu, mbali na watoto. Nikotini ya kumezwa ni sumu kwao.

Koili mpya: idondoshee matone manne au matano kwenye pamba, jaza tangi, weka chini dakika 10. Usivute kabla. Anza na volti za chini kabisa na upande kwa 0.1 mpaka ladha ijae, simama hapo. Ukisikia harufu ya pamba kuungua, acha papo hapo. Pamba ikishaungua hairudi.

Nayasema haya kwa mtu mzima anayetoka kwenye sigara kama mimi. Ambaye havuti kitu, asianze.

Kwa hiyo leo usiende dukani. Chomoa koili iliyoungua, ifute, soma ubavuni omu na wati, halafu angalia kifaa kiko kwenye volti ngapi. Niandikie namba hizo tatu pamoja na aina ya juisi, nitakupigia hesabu usiku nikifunga kazi.