Linki chafu kwenye tovuti: nilivyosafisha za gesti ya mjomba, Tanga

Mleta uzi, pole sana. Nimesoma swali lako mara mbili nipate kulielewa: tovuti yako ya kukodisha magari imepata maelfu ya linki kutoka tovuti za kamari na za dawa za nguvu za kiume, wateja wanaotokea Google wamepungua, na kuna mtu kakuandikia barua pepe kwamba ukimtumia laki tatu atazitoa zote ndani ya siku tatu. Usimtumie hata mia. Nivumilie nieleze, maana nilipita hapo hapo, na kilichokaribia kunimaliza ni linki nzuri nilizotaka kuzitupa pamoja na zile mbaya.

Mjomba wangu ana gesti ya vyumba tisa Raskazone. Anapokea wanaokwenda Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na wanaolala usiku mmoja kabla ya kushuka Pangani au kupanda Usambara. Kabla tovuti haijaja mikononi mwangu alikuwa nayo fundi aliyeahidi kumpeleka ukurasa wa kwanza wa Google. Mjomba akalipa. Miezi miwili ya mwanzo simu zililia kweli, halafu kimya. Siku nilipofungua Search Console ya gesti, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, nikakuta ujumbe kwamba mkaguzi wa Google ameiadhibu tovuti kwa sababu ya linki zisizo za asili. Fundi alikuwa amezinunua kwa jumla ili Google waone tovuti inatajwa na wengi, kama mtu anayebeba robota la mtumba bila kufunguliwa aone ndani mna nini.

Kwa hiyo na wewe anzia hapo. Ingia Search Console, fungua sehemu ya usalama na adhabu za wakaguzi. Ukikuta hakuna adhabu, na wewe mwenyewe au fundi wako hamjawahi kununua linki, basi hizo za kamari karibu zote si za kukunyima usingizi. Zamani zilikuwa balaa. Google walipoleta Penguin, mfumo wao wa kunasa linki za udanganyifu, 24 Aprili 2012, linki za hovyo ziliweza kuishusha tovuti nzima. Septemba 2016 wakabadilisha utaratibu, na tangu hapo linki za namna hiyo kwa kawaida hazihesabiwi tu. Huyo anayekudai laki tatu anakuuzia hofu, na huenda ndiye aliyezitundika.

Kitu kingine angalia linki zinaelekea ukurasa gani kwako. Dada mmoja wa Ngamiani anayeuza spea za baiskeli aliniita akilia kwamba washindani wanamtundikia linki chafu. Tulipofungua ripoti, linki zote zilikuwa zinaelekea kurasa asizozijua, zimeandikwa Kijapani, ndani ya tovuti yake mwenyewe. Wadukuzi walikuwa wameingia kupitia plagini, programu ndogo ya nyongeza kwenye WordPress iliyojengea tovuti yake, iliyokaa miaka bila kusasishwa. Ugonjwa ulikuwa ndani. Tulifuta zile kurasa, tukabadilisha nywila zote, tukaondoa watumiaji wageni waliojiongeza kama wasimamizi, tukasasisha kila kitu. Linki zikabaki zinaelekea kurasa ambazo hazipo, na linki inayoelekea ukurasa usiokuwepo haina uzito. Angalizo: kurasa hizo zikishafutwa ziache zife. Usizielekeze kwenye ukurasa wako wa mwanzo, utakuwa umezibeba tena.

Sasa kama adhabu ipo, kazi ipo.

Search Console ina ripoti ya linki, na pale juu kuna kitufe cha kupakua linki za nje. Nilizipakua, nikaziweka kwenye jedwali, nikapata tovuti mia mbili na kitu. Kisha nikafanya kosa: nikachukua programu ya kulipia inayotoa alama za sumu kwa kila linki, nikataka kukana, yaani kuwaambia Google wasiihesabu, kila linki iliyotiwa rangi nyekundu. Ile alama ni makadirio ya kampuni inayouza programu. Google hawaitumii.

Aliyeniokoa ni mjomba. Nilikuwa nimekaa barazani na kompyuta, yeye anakunywa kahawa, akaniuliza nasoma nini. Nikamsomea majina ya tovuti moja moja. Nikafika kwenye blogu ya Kijerumani, ukurasa mbovu mbovu, umejaa picha, na ile programu imeutia wekundu. Mjomba akasema, "Ngoja." Akaingia ndani akatoka na daftari la wageni. Akapekua huku akilamba kidole, akanionyesha mstari: jina, nambari ya pasi, usiku wanne, chumba cha 6. "Huyu mama alikuja na mwanawe, walikwenda Amboni wakarudi wamelowa. Kila jioni pweza wa nazi. Sasa mpwa wangu, huyu naye unataka kumkana?"

Tukaendelea hivyo hadi karibu saa sita usiku, mimi na jedwali, yeye na daftari. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, lakini mjomba hawasahau wageni wake. Tulipata linki kumi na nne zenye mtu nyuma yake: wageni, mwalimu aliyeleta wanafunzi Tongoni, waendesha baiskeli waliopita kwenda Lushoto. Zote tukazihifadhi. Zilizobaki hazikuwa na mtu. Makala ileile imebandikwa tovuti arobaini, na kila mahali maneno yaliyobeba linki ni yaleyale: "hoteli ya bei nafuu Tanzania". Mgeni wa kweli haandiki hivyo. Huandika jina la gesti, au "tulipolala", au anabandika anwani tu. Ukitaka kutambua linki ya kununuliwa, soma hayo maneno kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya kuchambua, andika barua. Watu hupenda kuiruka hatua hii, lakini kwa mwenye adhabu Google wanataka kuona umejitahidi kweli kuzitoa. Barua yangu ilikuwa fupi, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Habari. Mimi ndiye msimamizi wa tovuti ya gesti hii. Kwenye ukurasa wenu huu kuna linki inayokuja kwetu, iko aya ya tatu, maneno yake ni haya. Iliwekwa na mtu tuliyemwajiri zamani. Tunaomba muiondoe, au muiwekee alama ya nofollow. Asanteni." Nofollow ni alama inayowaambia Google wasiihesabu linki hiyo. Taja ukurasa kamili na mahali linki ilipo, usimwachie mtu kazi ya kutafuta. Usitishie mahakama. Andika kwa anwani ya barua pepe yenye jina la tovuti yako, wajue ni wewe. Usipojibiwa baada ya wiki, rudia mara moja. Mimi nilitoa karibu robo kwa njia hiyo. Watatu walitaka pesa ili wafute. Sikulipa, nilinakili majibu yao kwenye jedwali kama ushahidi.

Zilizogoma ndizo za kukana. Google wana zana yake tangu Oktoba 2012. Unaandaa faili la maandishi matupu, aina ya txt, kila mstari kitu kimoja. Ukitaka kukana tovuti nzima unaandika domain: na jina lake mbele bila nafasi, mfano domain:tovutimbaya.com. Kwa tovuti za namna hii kana nzima, usihangaike na ukurasa mmoja mmoja. Mstari ukianza na # hausomwi, hapo unaweza kujiandikia kumbukumbu. Mambo matatu yaliyonichelewesha: zana hii haifanyi kazi kwenye akaunti ya Search Console iliyosajiliwa kwa domeni nzima, inataka ile iliyosajiliwa kwa anwani kamili yenye https. Pili, ukipakia faili jipya linafuta la zamani. Mimi nilipakia nyongeza peke yake na orodha ya kwanza ikapotea, nikaanza upya. Tatu, linki ulizozikana zitaendelea kuonekana kwenye ripoti, na matokeo huchukua wiki kadhaa kwa kuwa Google lazima wazipitie tena zile kurasa.

Mwisho unaomba wakufikirie upya, palepale kwenye ukurasa wa adhabu. Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Nilikuwa nimeandika mistari miwili ya kuomba msamaha na kupakia faili la kukana, basi. La pili niliandika ukweli wote: nani alinunua linki na lini, nimeandikia nani, nani kajibu nini, pamoja na linki ya jedwali. Likakubaliwa. Usitegemee kurudi palepale ulipokuwa, kwa sababu sehemu ya kule kupanda juu kwenye Google ilitokana na linki za kununua na hiyo imeondoka. Gesti ilichukua miezi kama mitano simu kuanza kulia tena, na wanaopiga sasa hutaja Amboni au Tongoni, hawaulizi tena "hoteli ya bei nafuu".

Usiku huu fungua ile sehemu ya adhabu, halafu urudi hapa utuambie imeandikwa nini. Kama haina kitu, nitakuonyesha pa kutazama wateja walikopotelea. Ikiwa na ujumbe, pakua linki zako, tafuta vitabu vya mikataba ya magari yako, keti na mtu anayewakumbuka wateja.