Jibu: Harufu ya ndizi kwenye sake inatoka wapi?
Ndugu, umeuliza kwa nini sake, pombe ya Kijapani, uliyoionja ilinukia ndizi mbivu ilhali imetengenezwa kwa mchele. Harufu hiyo ni kazi ya hamira inayochachusha polepole kwenye baridi, hasa katika aina ya ginjo, ambayo mchele wake hukobolewa hadi ibaki asilimia 60 ya punje au chini ya hapo. Nyingine hunukia tufaha. Unapoeleza ladha ya sake, inuse kabla ya kumeza, kisha taja utamu, uchachu na kile kinachobaki kooni. Junmai, yaani sake isiyoongezwa alkoholi, kwa maoni yangu hueleweka vizuri zaidi ikipashwa moto hadi nyuzi 45 hivi, kwani ladha ya wali hujitokeza, ilhali ginjo ikipashwa kiasi hicho hupoteza manukato yake mengi.